Jumapili Mbili kwa Mwezi

Downsview, Toronto
13 Aprili 2025

Dada Adelina,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake mbali, usiichanganye na yako. Huku tu wazima. Theluji imeyeyuka; imebaki ile iliyorundikwa pembeni mwa maegesho, nyeusi kama masizi. Kiwandani kazi ni nyingi. Maghorofa yanaota kila mtaa, yote yanataka madirisha, na sisi ndio tunaotengeneza fremu.

Kwenye kadi ya Krismasi ulisema tuandikiane barua, maana kwenye simu mimi na wewe tunakatizana mpaka tunagombana. Nimechelewa miezi minne, lakini nimekubali.

Habari niliyo nayo ni ya mchezo. Mimi na Koku tumeanza kwenda kutazama besiboli. Ehsan, mwenzangu wa kazini, ana tiketi za msimu mzima, ila mgongo unamsumbua na viti vyake viko juu kabisa, ngazi hazihesabiki. Basi, tiketi za Jumapili ametuachia sisi. Miaka kumi na saba nimekaa mji huu sikuwahi kuingia uwanja ule. Paa lake linafunguka. Linasogea juu ya reli taratibu, kama dakika ishirini hivi, mpaka mbingu inaonekana. Kwa sasa wanalifunga kwa sababu ya baridi.

Mchezo wenyewe, mmoja anarusha mpira, mwingine mwenye gongo anajaribu kuupiga. Mara nyingi anaukosa. Wenzao wametawanyika uwanjani wanangoja. Unaweza kukaa robo saa hakuna kilichotokea, na hakuna anayelalamika. Binti yangu Koku sasa ana miaka kumi na minne, hasemi mengi. Tunakaa saa tatu, tunakula karanga, tunatoka.

Tukitoka tunatembea kutazama majengo. Yeye hubeba daftari la kuchorea. Katikati ya mji tumekuta nyumba iliyokatwa nusu. Zamani zilikuwa pacha, ukuta mmoja, paa moja lenye ncha. Wenye upande mmoja wakauza, ukabomolewa. Wenye upande wa pili wakakataa. Sasa imesimama nusu, na nusu ya ncha yake. Fundi aliyeikata alikuwa hodari, ukuta umenyooka kama umepitishwa wembe. Madirisha ni ya mbao, ya zamani, yametunzwa.

Ni hayo tu kwa leo.

Mdogo wako,
Leonce


Bukoba
11 Mei 2025

Mdogo wangu Leonce,

Marahaba. Barua yako imetembea siku ishirini na mbili. Karani wa posta alinipigia simu mwenyewe, anasema sanduku langu lilikuwa limesahau barua zikoje. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Shikamoo yake nilimpa mbali kama ulivyoagiza. Alikaa vizuri kwanza, ndipo akaitikia. Mvua imekuwa ya adabu mwaka huu, migomba ya kwetu Kanyigo imesimama na kahawa imeweka matunda. Mimi nimebakiza miezi michache nistaafu. Darasa la sita wananiuliza nitakwenda kufanya nini. Nawaambia nitakwenda kulala.

Sasa nisamehe, nimesahihisha insha miaka thelathini na mbili na jicho halikubali kuacha. Umeandika vizuri. Umenieleza paa, ngazi, ukuta, na mbao za madirisha ya watu usiowajua. Ehsan nimemjua mpaka mgongo wake. Mke wako hukumtaja hata mara moja. Elinaza hajambo?

Na hiyo nyumba nusu, waliotoka upande wa pili walikwenda kukaa wapi? Hukuandika.

Dada yako,
Adelina


Downsview, Toronto
15 Juni 2025

Dada Adelina,

Shikamoo. Nafurahi kusikia Mama yuko vizuri. Asifunge goti kwa kitambaa cha kubana, daktari mmoja hapa alikataza. Joto limeingia. Waliotoka katika ile nyumba sijui walikokwenda, ilikuwa zamani. Elinaza yupo, zamu za hospitali ni nyingi.

Paa la uwanja sasa linafunguliwa. Majuzi mpira uliruka mpaka viti vyetu vya juu, jambo ambalo Ehsan anasema hajaliona miaka sita. Nikanyoosha mkono kama mtu anayedaka embe. Kidole kimevimba mpaka leo. Mpira ukadunda, ukachukuliwa na bibi mmoja wa mstari wa mbele. Koku alicheka mpaka akashika tumbo. Sijui mara ya mwisho kumsikia akicheka vile ilikuwa lini.

Kuna benki mjini ambayo vioo vyake vimepakwa dhahabu halisi, utando mwembamba sana, wa kuzuia joto. Jua likikipiga kile kioo mtaa mzima unakuwa wa manjano, na watu wanapita chini yake na kahawa zao bila kuinua shingo. Halafu kuna ukumbi wa jiji. Ni minara miwili iliyopinda, inatazamana kama viganja viwili vinavyokinga kitu. Lakini zunguka nyuma: migongo yake haina dirisha hata moja. Ni zege tupu kutoka chini hadi juu, madirisha yote yako upande wa ndani. Koku akasema kwa Kiingereza chake, “Jengo limetununia.” Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana.

Tukiwa pale mzee mmoja mgeni aliniuliza njia ya stesheni. Nikamweleza bila kufikiri, kata hapa, pita pale, teremka. Koku akanitazama. “Baba, leo ndiyo umehamia Toronto.”

Mdogo wako,
Leonce


Bukoba
13 Julai 2025

Mdogo wangu Leonce,

Marahaba. Mama anasema pole ya kidole, na anauliza kama huko hakuna mchezo wa watu wazima. Sote wazima. Shule zimefunga.

Mwezi ujao, tarehe kumi na sita, Baba anatimiza miaka mitatu kaburini. Tutakwenda Kanyigo kumwombea misa. Hili sijawahi kukueleza, maana siku ile tulipiga kelele kwenye simu badala ya kuzungumza. Unajua kwetu mwana wa kiume ndiye hutupia udongo wa kwanza. Tulikungoja. Watu walikaa kwenye kibanja, chini ya migomba, mpaka saa kumi, jua linashuka, padri anatazama saa kwa siri. Ndipo Baba mdogo Gelasius akainama akachukua udongo. Kutoka kwako ulikuwa umefika ujumbe wa maneno mawili: “Sitaweza kuja.”

Nilipokupigia nikakuambia wewe si mtoto wa nyumba hii. Nililisema mbele ya watu. Neno hilo sijalifuta, Leonce. Nangoja nisikie kwanza kilichokuzuia.

Halafu nina swali dogo. Siku hizi nani anakupikia?

Dada yako,
Adelina


Bukoba
21 Septemba 2025

Mdogo wangu Leonce,

Wiki kumi zimepita na sanduku ni tupu. Mama hajambo. Misa ilikwenda vizuri. Hali yako sikuulizi, kwa sababu naijua.

Naijua tangu Januari. Elinaza alinipigia siku aliyohamia Malvern, upande mwingine wa mji wenu, na Koku, amekaa juu ya masanduku hajayafungua. Tangu hapo hupiga kila Jumamosi. Najua unaishi chumba kimoja hapo Downsview. Najua Koku unamwona Jumapili mbili kwa mwezi. Najua Elinaza amepata kazi katika hospitali ya Halifax, na kwamba hawezi kumhamisha mtoto bila ridhaa yako, na kwamba karatasi ya ridhaa iko mezani kwako tangu Juni haina sahihi. Nilinyamaza nikitaka uniambie mwenyewe. Nilikuwa nakutega kama mwanafunzi, na wewe si mwanafunzi wangu.

La pili ni zito zaidi. Hiyo kazi ya Halifax Elinaza alitaka kuikataa. Mimi ndiye niliyemwambia aikubali.

Sababu ni hii. Baba yetu alikuwa mtu mwema asiyesema. Mama alikaa naye miaka arobaini na sita akiuliza, akijibiwa na mlango uliofungwa. Mimi na wewe tulikua tukidhani ndivyo nyumba zinavyokuwa. Elinaza anasema tangu msiba ule nawe umekuwa hivyo hivyo: unakula, unaosha sahani yako, unalala. Sikutaka Koku ajifunze kuishi na mlango.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ila andika.

Dada yako,
Adelina


Downsview, Toronto
2 Novemba 2025

Dada Adelina,

Shikamoo wewe, shikamoo Mama. Kama uliandika baada ya Julai, sijapata. Wafanyakazi wa posta waligoma mwishoni mwa Septemba, na sasa wanagoma kwa zamu, leo mji huu, kesho ule. Ile ya Julai niliipata. Nilianza kuijibu mara nne.

Jana timu ya hapa ilishindwa fainali, mchezo wa mwisho kabisa, hapa hapa nyumbani. Leo watu wanasalimiana kama wametoka mazikoni.

Swali lako dogo: najipikia. Elinaza na Koku wanakaa Malvern tangu Januari, na Elinaza amepata kazi Halifax, mji wa pwani, mbali, saa mbili kwa ndege. Alinipa karatasi niiwekee sahihi ili Koku aende naye. Nikaiacha mezani. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilikuwa naifunika kwa gazeti.

Sasa nikueleze ya tarehe ishirini na nane Septemba. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, mchana, uwanja umejaa. Tumekaa viti vyetu vya juu. Koku alikuwa anachora. Bila kuinua uso akaniuliza, “Baba, kwa nini hukwenda kumzika Babu?”

Nikamwambia atazame mchezo.

“Nimemuuliza Mama,” akasema. “Anasema alikupeleka uwanja wa ndege asubuhi, na saa nane ukampigia aje akuchukue. Anasema nikuulize wewe.”

Dada, huyo mtoto alikuwa ameshafunga daftari. Nikaona nisipomjibu hapo sitamjibu tena. Nikamwambia. Tiketi nilikuwa nayo. Mzigo niliukabidhi, nikakaguliwa, nikakaa mbele ya mlango wa kupandia ndege. Watu wakapanda. Wakaanza kuita jina langu, wanalitamka vibaya. Waliliita mara tatu. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwa yule mwitaji, ananitazama, hajui ni mimi. Sikusimama. Ndege ikarudishwa nyuma, ikageuka, ikaondoka. Mzigo waliuteremsha, nikapewa jioni.

“Kwa nini?”

Kwa sababu nilipoondoka Bukoba nilimwambia Babu yako nitarudi baada ya miaka mitano. Ilikuwa imefika kumi na minne. Kila mwaka aliniuliza, kila mwaka nikasema mwakani, naye akasema sawa. Hakuwahi kulalamika. Nilijua nikishuka kule kila mtu atanitazama, na yule mmoja niliyemwahidi amelala. Niliogopa, Koku. Hakuna zaidi ya hapo.

Mpigaji mmoja akaukosa mpira, wa pili akaukosa.

“Ni hiyo tu?” Koku akasema.

“Ni hiyo tu.”

“Miaka mitatu husemi na sisi kwa sababu ya hiyo?”

Akaanza kulia, na mimi nikalia. Timu ilikuwa inashinda, watu elfu arobaini wamesimama wanapiga kelele na wengine wanalia kwa furaha, kwa hiyo hakuna aliyetushangaa.

Tulipotoka tulitembea mpaka ziwani bila kutazama jengo lolote. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. “Unataka kwenda Halifax?”

“Ndiyo,” akasema, na safari hii kwa Kiswahili. “Nilikuwa nangoja uniulize.”

Kesho yake niliweka sahihi. Wanaondoka mwisho wa Desemba.

Umesikia kilichonizuia. Neno lako ukilifuta au ukiliacha, ni lako.

Mdogo wako,
Leonce


Downsview, Toronto
27 Novemba 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya Septemba imefika jana. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikapanda basi, nikashuka Don Mills, nikazunguka jumba moja jeupe la makumbusho, Barabara ya Wynford, mara tatu. Sikumbuki nilichoona.

Ulimwambia mke wangu aondoke. Tangu Aprili unasoma habari za madirisha huku unajua, unaniuliza nani ananipikia huku unajua.

Nimekasirika. Naandika kwa sababu ulisema niandike.

Mama asalimiwe.

Leonce


Bukoba
21 Desemba 2025

Mdogo wangu Leonce,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika siku moja. Nilifungua ya hasira kwanza, ndiyo ilikuwa nyembamba. Mama hajambo, senene wamekuwa wengi, tunawakaanga mpaka nyumba nzima inanuka vitunguu na mafuta. Nimestaafu. Siku ya tatu niliamka saa kumi na moja nikavaa viatu, nikakumbuka sina pa kwenda.

Hasira yako nimeipokea. Kwamba nilikuficha, najuta na naomba radhi. Kwamba nilimshauri Elinaza, sijuti. Hayo ni mambo mawili, nami sitakudanganya kwa kuyafanya moja.

Ile ndefu nilimsomea Mama. Sikukuomba ruhusa. Nilimsomea yote, akiwa anachambua maharage, na nilipofika pale walipoita jina lako akaacha kuchambua.

“Alifika mpaka uwanja wa ndege?” akaniuliza.

“Alifika.”

“Na mzigo?”

“Na mzigo.”

Akavuta khanga. “Basi alikuwa njiani,” akasema. “Miaka yote hii nilidhani hakutoka nyumbani.”

Kesho yake akataka apelekwe Kanyigo. Alisimama kaburini peke yake, akasema maneno ambayo sikuyasikia kwa sababu ya upepo. Kurudi hakulalamikia goti.

Jumapili baada ya misa niliwakusanya shangazi zetu na Baba mdogo Gelasius. Nikawaambia, neno nililomwambia Leonce siku ile mbele yenu, leo nimelifuta mbele yenu. Baba mdogo akasema wakati ulikuwa umefika. Shangazi mmoja akauliza neno gani, alikuwa ameshalisahau. Miaka mitatu nimelibeba peke yangu kumbe.

Wapeleke uwanja wa ndege mwenyewe. Usiwaachie teksi.

Dada yako,
Adelina


Downsview, Toronto
15 Februari 2026

Dada Adelina,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake. Hongera ya kustaafu. Nasikia umeanza kuwafundisha wajukuu wa jirani bila kuombwa. Huku theluji imefika magotini. Nimemaliza siku nne bila kumwona mtu zaidi ya wa kiwandani.

Hasira imepungua, haijaisha. Nakuambia ilivyo.

Niliwapeleka mwenyewe. Masanduku sita, na daftari za Koku ambazo hakutaka ziwekwe kwenye mzigo. Elinaza alinishukuru kwa sahihi. Mimi nikamwambia avae soksi nzito, huko kuna upepo. Tulisimama kama watu wanaongoja lifti. Koku alinikumbatia mpaka akaitwa na mama yake mara mbili. Walipopita ukaguzi sikuondoka mara moja, nilikaa nikanywa chai.

Koku hupiga kila Jumapili. Siku hizi huchanganya Kiswahili, anasema huko hana wa kusema naye, asije akakisahau. Amenieleza nyumba za Halifax, za mbao, zimepakwa rangi kila moja yake, nyekundu, buluu, njano, zinashuka mlima kuelekea bandarini. Anachora mtaa wao wote, nyumba kwa nyumba. Mji wenyewe ninaujua sasa kama niliyekwisha kufika. Aprili nitakwenda, anionyeshe njia yeye.

Jumapili iliyopita, alipomaliza, Elinaza akaichukua simu. Alitaka kuniuliza habari ya kadi ya chanjo ya mtoto, nikamwambia iko wapi. Nikadhani atakata. Akasema, “Na wewe, habari za kwako?”

Unajua sisi tunavyojibu, Dada. Mtu ana homa, nzuri. Amefiwa, nzuri, tunamshukuru Mungu. Mimi mwanamke yule nilimjibu “nzuri” asubuhi na jioni, tangu msiba mpaka alipohama, na alijua, na nilijua anajua.

Nikasema, “Si nzuri.”

Kwa mbali nilisikia bomba la maji likimwaga, kisha likafungwa. Nikasikia kiti kinaburutwa.

“Haya,” akasema. “Nimekaa. Nieleze.”

Mdogo wako,
Leonce